Riwaya wanazozisifu wote mimi zimenichosha: tatizo ni vitabu au ni mimi?

"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 43, nina duka la steshenari hapa Nachingwea. Tangu mwaka jana nimerudi kwenye kusoma riwaya, na kila inayosifiwa inanivunja moyo. Nililipia simulizi ya WhatsApp yenye sehemu 92, nikakesha nayo, mwisho mhusika mkuu anaamka, kumbe yote ilikuwa ndoto! Nikatafuta Nagona kwa sababu shuleni niliipenda sana Rosa Mistika ya mwandishi huyohuyo, sikuambulia kitu. Nikanunua Peponi kwa ajili ya ile Nobeli. Tamu, lakini mwisho umekatika kama picha ya kibanda umiza umeme ukizimika. Nikarudia Kikosi cha Kisasi, nakala aliyoiacha marehemu baba, na yule jasusi wake Willy Gamba simwamini tena. Nikiyasema haya kwenye kundi letu la akina mama wanaosoma, naambiwa najifanya msomi, wengine wanasema sina subira. Na siku hizi nikifika ukurasa wa kumi kichwa kinauma, naacha. Tatizo ni vitabu au ni mimi? Na kuacha kitabu katikati ni vibaya?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu umenitajia vitabu vinne na kila kimoja kimekuudhi kwa namna yake, ila wewe umevifunga mzigo mmoja ukauita tatizo. Tuufungue. Na nitangulize hili ili ulale vizuri: hakuna neno hata moja katika barua yako linaloonyesha mtu asiyejua kusoma. Asiyejua kusoma haoni kwamba mwisho umekatika.

Ninachokiona ni hofu. Wenzako wamekutia wasiwasi kwamba kitabu kikisifiwa na wengi halafu kisikuguse, basi pungufu ni lako. Hofu hiyo naifahamu. Nimefundisha fasihi na kuhariri miswada hapa Mtwara zaidi ya miaka ishirini, na nimekutana na watu wazima, walimu wenzangu, wanaoisifu riwaya fulani kwa moyo wote. Ukiwauliza ni sehemu gani iliyowagusa, wanakutajia dhamira tatu na ujumbe mmoja, kwa mpangilio uleule wa kijitabu cha tahakiki walichokariri wakijiandaa na mtihani. Riwaya yenyewe hawajaifungua.

Sifa za kitabu zina njia zake za kuja, na ukizijua hutaziogopa. Kitabu kinachoteuliwa kwa ajili ya shule husomwa na maelfu ya watu ambao hawakukichagua, na jina lake linabaki midomoni mwao hata kama hawakukimaliza. Kitabu kilichopata tuzo hununuliwa na watu wengi wasiosoma aina hiyo ya vitabu kabisa. Halafu kuna jambo moja ambalo halisemwi: aliyeishia ukurasa wa thelathini hatangazi popote kwamba aliishia hapo. Wanaosikika ni waliomaliza na kupenda. Kwa hiyo unapodhani uko peke yako, huko peke yako. Wenzako wamenyamaza tu.

Sasa nikupe kipimo ninachokitumia mimi mswada ukifika mezani. Kila riwaya huweka ahadi mapema, katika kurasa zake za mwanzo. Haiandiki "nakuahidi", ila kwa namna inavyoanza inakuambia mimi ni kitu cha namna hii, nipe hiki na mimi nitakupa kile. Ihukumu kwa ahadi hiyo iliyoiweka yenyewe. Usiihukumu kwa ahadi ya rafiki aliyekuazima, wala ya tuzo, wala ya kitabu kingine cha mwandishi huyohuyo. Nikiviweka vitabu vyako vinne kwenye kipimo hicho, naona kimoja kimekuvunjia ahadi, viwili vilikuahidi kitu kingine na wewe ukasubiri usichoahidiwa, na kimoja kimetimiza ahadi yake lakini wewe umekua.

Kilichovunja ahadi ni simulizi yako ya sehemu 92. Hapo nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanalia na jambo hilo na hawaelezwi linatokea vipi.

Hadithi za kukatwa vipande si za leo. Riwaya pendwa zetu nyingi zilipita kwanza magazetini, kipande kwa kipande, kabla ya kufungwa kitabu. Simu imezidisha kasi tu. Mwandishi wa simulizi anaandika sehemu ya leo usiku wa kuamkia leo, na kazi ya kwanza ya sehemu hiyo ni kukufanya ulipie ya kesho. Ndiyo maana kila kipande kinaishia pabaya, mnabaki na arosto, kundi zima linaandika "admin tuonee huruma". Mara nyingi mwandishi mwenyewe hajui hadithi itaishia wapi. Anaangalia maoni: mkimlilia mhusika, anafufuka; mkimchukia, anapata ajali. Ni ufundi halisi, siubezi, na wapo wanaouweza vizuri mno. Lakini una gharama, na gharama hiyo huonekana mwishoni.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja kutoka Tandahimba aliniletea simulizi yake ya sehemu 64, anataka kuichapa. Nilimwomba afute kila "itaendelea", aunganishe vipande, kisha anisomee kwa sauti palepale mezani. Tukagundua mlango unagongwa mwishoni mwa sehemu kumi na moja. Mara mbili mgongaji alikuwa muuaji. Mara tisa zilizobaki alikuwa jirani, mwenye nyumba, mtu wa bili ya maji, na katika sehemu ya arobaini alikuwa mama mmoja aliyekuja kuomba chumvi, asitajwe tena mpaka hadithi inakwisha. Mwanzoni kijana alicheka. Ulipofika mlango wa saba akanyamaza, akanyoosha mkono kuchukua kalamu yangu. Kwa msomaji wa kila siku milango ile ilikuwa kamili, kwa sababu kati ya hodi na chumvi kulikuwa na usiku mzima wa kungoja. Ukiwa na kurasa zote mkononi, kungoja huko hakupo, na inabaki chumvi tupu.

Ndoto ya mwisho inatoka hukohuko. Mwandishi amefunga mafundo mengi, hana tena namna ya kuyafungua, wanaolipia wamepungua au amechoka, basi anakata kamba nzima. Kwa nini inauma kuliko mwisho wa huzuni? Kwa sababu mwisho wa huzuni unakuachia ulichokilipia: fulani alikufa, na kilio chako kilikuwa cha haki. Ndoto inakuja kukuambia kwamba uliyemlilia hakufa, aliyesaliti hakusaliti, na hata ujasiri wa yule dada katikati ya hadithi haukuwepo. Hapo hujakosea hata kidogo, na hasira yako ni ya msomaji mzuri. Ila usiyafute yale majuma uliyokesha kwa furaha, maana furaha ile ilikuwa ya kweli. Siku nyingine unaweza kungoja hadithi ikamilike ndipo uichukue yote. Utaokoa fedha na usingizi, lakini utakosa yale maongezi ya asubuhi na wenzako, ambayo kwa wengi ndiyo utamu wenyewe. Uchaguzi huo ni wako.

Nagona ni habari nyingine kabisa. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, Nagona mwaka 1990. Kati ya hapo Euphrase Kezilahabi alikuwa amekwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, na mwaka 1985 akamaliza udaktari kwa tasnifu inayohoji namna tunavyoifasiri fasihi ya Kiafrika. Aliporudi kwenye riwaya hakutaka tena kuandika kama alivyoandika akiwa kijana. Tazama ahadi zenyewe. Rosa inaanza kwa kukupa nyumba, baba mkali anayeitwa Zakaria, binti anayepigwa kwa sababu ya barua ya mvulana; unajua uko wapi na uogope nini. Nagona inakupa msimulizi aliye safarini katika nchi isiyo kwenye ramani yoyote, akikutana na watu wanaosema kwa mafumbo. Wewe uliingia ukimtafuta Zakaria. Humo hayumo.

Wewe ni mtu wa kusini, umeona vinyago. Mchongaji wa Kimakonde anaweza kukuchongea bibi mwenye ndonya, kila kunyanzi mahali pake, ukasema huyu nimewahi kumwona. Kesho yake, kwa mpingo uleule, anachonga shetani mwenye jicho moja na mguu unaoota tumboni. Huulizi huyu bibi wa nani. Unamzunguka, unaangalia umbo linavyopinda, na ama linakuingia ama halikuingii. Nagona isome hivyo. Ni kijitabu kifupi, kinakwenda kwa mkao mmoja au miwili. Soma kwa sauti, acha kutafuta nani ni nani, halafu ukifunga jiulize kama kuna picha hata moja imebaki. Ikibaki, umeisoma. Isipobaki, iache bila aibu. Kwangu mimi ziko kurasa ambamo fikra zinalemea hadithi mpaka hadithi inashindwa kunyanyuka, na nimelisema hilo mbele ya wanafunzi bila kumpunguzia mwandishi heshima yake. Ukitaka daraja kati ya Kezilahabi wa Rosa na yule wa Nagona, chukua Kichwamaji ya mwaka 1974. Ina nyumba na watu unaoweza kuwashika, ila akili ya msimulizi imekwisha kuanza kutikisika. Ni kitabu kizito lakini, kwa hiyo kabla hujakichukua soma kwanza nitakachosema chini kuhusu kichwa chako.

Peponi naomba tusiiache haraka, kwa sababu naamini imekupa zaidi ya unavyodhani. Abdulrazak Gurnah alipata Nobeli mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake hii ya mwaka 1994 ikatoka kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Tulifurahi mno, na kwa furaha hiyo wengi tuliinunua kama mtu anavyonunua fulana ya timu iliyochukua kombe. Tuzo huwafanya watu wangoje fataki, wakati hiki ni kitabu cha sauti ya chini.

Wewe unasema mwisho umekatika. Kumbuka Yusuf ni nani. Ana miaka kumi na miwili anapoondoka na Aziz, mfanyabiashara anayemwita mjomba, na ni Khalil, kijana mwenzake wa dukani, anayemfumbua macho: huyu si mjomba wako, baba yako anadaiwa, wewe ni rehani. Tangu hapo kila mahali anapokwenda anapelekwa. Dukani amewekwa, bara amepelekwa na msafara, hata bustani anayoipenda ni ya mwenyewe Aziz. Mwisho askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, wanapita wakikamata watu, yeye amejificha, kisha anatoka anakimbilia safu yao. Je, hiyo ni mara ya kwanza anachagua mwenyewe, au amekimbia kutoka rehani moja kwenda nyingine? Kitabu kinanyamaza hapo kwa makusudi. Kingeongeza sura moja tu kingekuwa kimekujibia, na swali ambalo kimekuwa kikiuliza tangu ukurasa wa kwanza lingekufa.

Na wewe una kitu ambacho msomaji wa London hana. Ukitoka Lindi kurudi Nachingwea unapita Nyangao. Pale karibu, Mahiwa, Oktoba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wajerumani walipigana siku kadhaa, na waliokufa wengi walikuwa watu weusi wa pande zote mbili. Mwezi uliofuata jeshi lile la Wajerumani likavuka Ruvuma. Riwaya inakatika kabla ya vita kuanza, lakini wewe unajua safu ile inaelekea wapi. Isome tena sura ya mwisho siku ukiwa na nafasi, ukiwa na barabara hiyo akilini.

Kuhusu Willy Gamba nitasema machache. Elvis Musiba alimuumba wakati Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wilaya yenu ilikuwa na kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji. Kwa marehemu baba yako, jasusi wa Makaburu hakuwa wa kubuni tu. Vita ilikuwa ng'ambo ya Ruvuma na wapiganaji wake walikuwa majirani zake. Alihitaji shujaa asiyeshindwa, na kitabu kilimpa. Wewe unasoma kama mwanamke wa miaka 43 unayeona jinsi wanawake wa humo wanavyotokea ili wapendwe au wasaliti, basi. Unaona sawasawa. Hukumtukana baba yako kwa kuona hivyo, na yeye hakuwa mjinga kwa kupenda.

Sasa kichwa. Hapa si fasihi tena, na naomba unisikilize kama kaka. Katika miaka ya arobaini lenzi ya jicho hupungua unyumbufu, kuona karibu kunakuwa kwa kulazimisha, na kulazimisha huko kunaleta maumivu ya kipaji na hali ya kupotea mstari baada ya kurasa chache. Ongeza kusoma simulizi gizani kwenye kioo cha simu. Mtu wa namna hiyo kila kitabu kitamchosha, hata kiwe kitamu vipi, na atadhani ni kitabu. Nenda hospitali ya wilaya ukapimwe macho, au ukishuka Lindi kwa mzigo wa duka pitia hospitali ya mkoa, Sokoine. Miwani ya barabarani usiichukue kwa kukisia; macho mawili yanaweza kuhitaji namba tofauti, na kipimo kinaweza kugundua jambo jingine, kama presha ya jicho, ambalo miwani haitibu.

La pili ni la moyo, na nalitaja kwa sababu hukulitaja. Kama kukosa hamu ni kwa riwaya tu, hakuna neno. Lakini kama kwa wiki mbili au zaidi hata chakula, watoto, maongezi ya dukani na vitu ulivyokuwa ukivipenda havikupi raha, usingizi umeharibika na unajiona mzigo, hilo si suala la ladha. Mweleze daktari au muuguzi hivyohivyo, bila kuona haya, na likikujia wazo la kujidhuru nenda siku hiyohiyo na mtu unayemwamini. Linatibika.

Umeuliza kama kuacha kitabu katikati ni vibaya. Si vibaya, ila uache kwa ushahidi. Anayekagua korosho ghalani haangalii za juu ya gunia tu; anachoma bambo mpaka ndani, ndipo anazikata aone kiini. Nawe soma kurasa ishirini za mwanzo, ukiona unachoka fungua katikati usome tano nyingine. Kama ahadi ya mwanzo bado inaheshimiwa huko katikati, ipe muda zaidi. Kama imesahaulika, funga. Fedha uliyonunulia imekwisha kwenda, na hairudi kwa wewe kujitesa kurasa mia mbili zilizobaki. Kwa vitabu ghali, maktaba za mkoa zipo Lindi na hapa Mtwara; azima kwanza, ununue utakachotaka kukirudia.

Na kwenye kundi lenu badili namna ya kusema. "Kitabu hiki kibaya" kinamgusa aliyekipenda, naye atajitetea kwa kukushambulia. Sema: "Mimi nilimwamini mwandishi mpaka sehemu ya 60, alipomfufua yule mume, wewe ulionaje hapo?" Umetaja mahali, umesema ulichokingoja, umempa mwenzako nafasi. Wiki ijayo chukueni sura ya mwisho ya Peponi, mmoja aisome kwa sauti, kisha kila mtu aseme Yusuf alikuwa anakimbia nini. Uniandikie walichosema, hasa yule aliyekuambia huna subira.